Kolektomi: Istilahi Isiyotaja Kilichobaki

Mtu akiharisha wiki nzima pale Plateau, kituo kidogo cha Uasin Gishu kwenye reli inayotoka Nakuru kwenda Eldoret, neno la kwanza atakaloambiwa ni taifodi. Isipokuwa taifodi, itakuwa amiba. Si dhana mbaya, kwa kuwa maradhi hayo yapo. Lakini kwa aliyewahi kuondolewa utumbo mpana, dhana hiyo humpotezea pesa na wakati, na pengine humwongezea ugonjwa. Atapewa antibiotiki zinazovuruga bakteria wa tumbo, ilhali anaharisha kwa sababu tu sehemu iliyokuwa ikifyonza maji haipo tena.

Jina la upasuaji wake limo katika barua aliyopewa siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Ni kolektomi, neno lililounganishwa kutoka Kigiriki: kolon, utumbo mpana, na ektome, kukata na kutoa. Wodini huambiwa kwa kifupi kwamba "alikatwa matumbo". Kauli hiyo inaeleweka, ila kukatwa kunaweza kuwa kupasuliwa na kushonwa bila kitu kutolewa. Kuitohoa kolon kuwa koloni nako ni kujitafutia balaa, maana koloni ni nchi iliyotawaliwa na wageni. Tafsiri inayofaa ni ndefu kidogo: uondoaji wa utumbo mpana.

Hata hiyo haitoshi. Utumbo mpana una urefu wa takriban mita moja na nusu. Huanzia chini kulia, karibu na kidole tumbo, ukapanda hadi usawa wa ini, ukavuka tumbo kwenda kushoto, ukashuka, ukajipinda kwenye sehemu iitwayo sigmoidi, kisha ukaishia kwenye puru. (Puru ni neno zuri la kamusi, lakini huko nyanda za juu wengi watakukodolea macho ukilitamka, rektamu ndilo wanalolisikia hospitalini.) Kila siku utumbo mwembamba humwaga humo majimaji ya takriban lita moja na nusu, na yanayotoka mwishowe na choo ni mililita 100 hadi 200 tu. Mengine yote hurudishwa mwilini, pamoja na chumvi. Kwa hiyo swali la maana kwa mgonjwa ni hili: umebakiwa na kiasi gani?

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kulijua swali hilo. Utumbo kujisokota kwenye sigmoidi, ugonjwa adimu katika nchi nyingi za Magharibi, ni miongoni mwa sababu kubwa za utumbo mpana kuziba katika ukanda huu, na huwapata zaidi wanaume. Mtu hufika hospitalini tumbo limejaa kama ngoma, choo na upepo vimekatika. Kipande kilichosokotwa kikiwa kimekufa, daktari hukiondoa. Ama huziunganisha ncha mbili papo hapo, ama huutoa mwisho wa utumbo kwenye ngozi ya tumbo, kwa njia iliyoelezwa na Mfaransa Henri Hartmann mwaka 1921. Tundu hilo ndilo stoma, nalo huvalishwa mfuko wa kupokea choo. Aliyeondolewa sigmoidi peke yake na kuunganishwa kwa kawaida hurudi kwenye choo kinachoshikana baada ya wiki au miezi kadhaa.

Aliyeondolewa nusu ya kulia ana shida nyingine. Pamoja na nusu hiyo, mara nyingi huondoka ncha ya mwisho ya utumbo mwembamba, mahali ambapo chumvi za nyongo hufyonzwa ili zitumike tena. Zikikosa kufyonzwa huteremkia kwenye utumbo mpana uliobaki na kuuchokoza, na mtu huharisha maji ya rangi ya manjano au kijani, hasa baada ya kula mafuta. Hali hii ina dawa yake, kolestiramini, ambayo huzishika chumvi hizo. Ncha hiyohiyo ndiyo inayofyonza vitamini B12. Akiba ya ini huweza kudumu miaka kadhaa, kwa hiyo ganzi ya miguu au upungufu wa damu hujitokeza wakati ambao hakuna tena anayeikumbuka operesheni. Sindano za B12 huzuia yote hayo.

Aliyeondolewa wote, labda kwa sababu ya saratani au kolitisi ya vidonda, ndiye mwenye safari ndefu. Akiunganishwa utumbo mwembamba na rektamu, kwenda choo mara tatu hadi sita kwa siku kwake ni kawaida. Wapo wanaotengenezewa kifuko cha ndani kwa utumbo mwembamba wenyewe, upasuaji uliotangazwa na Alan Parks na John Nicholls wa London mwaka 1978. Hao huenda mara nne hadi nane, na kifuko kikivimba huhitaji antibiotiki kwa kipimo cha daktari. Mwenye stoma ya utumbo mwembamba hutoa mililita 500 hadi 1,000 kwa siku.

Kinachowashangaza wengi ni kiu. Mwenye stoma inayomwaga sana hunywa maji matupu, glasi juu ya glasi, na kadiri anavyokunywa ndivyo anavyozidi kukauka, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi huivuta chumvi ya mwili na kutoka nayo. Anachohitaji ni ORS, ile ya pakiti, au lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo. Anywe kidogokidogo. Mkojo mchache na wa rangi iliyokoza, kizunguzungu akisimama, misuli kukaza: hizo ni dalili za kumrudisha hospitalini.

Chakula nacho ni mtihani katika nchi ya mahindi. Denis Burkitt, daktari Mwailandi aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliupa ulimwengu hoja kwamba Waafrika hawakupata maradhi mengi ya utumbo mpana kwa sababu ya vyakula vyao vyenye nyuzinyuzi. Hoja hiyo ilimhusu mwenye utumbo mpana. Mwenye stoma mpya akila githeri au mahindi ya kuchoma bila kutafuna sawasawa, maganda hukwama penye tundu. Wali, ugali laini, ndizi mbivu na viazi hushikanisha choo. Mursik, yale maziwa yaliyochachushwa, wengine huwatuliza na wengine huwajaza gesi, basi ajaribu nusu kikombe na kutazama. Kunde na kabeji zirudi moja moja baada ya wiki sita hivi. Loperamidi, ikimezwa nusu saa kabla ya kula, hupunguza mwendo wa utumbo, lakini si ya mwenye homa wala anayetoa damu. Tumbo likifura, mtu akatapika na stoma ikanyamaza, hiyo ni dalili ya utumbo kuziba: asimeze dawa yoyote ya kuharisha, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Yote haya muuguzi wa zahanati anaweza kuyafikiria iwapo tu anajua ni nini kilichotolewa. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, ambako wengi wa Plateau hupelekwa, hupokea watu kutoka kaunti nyingi za magharibi mwa Kenya, na baadaye kila mmoja hutibiwa kwao na mtu ambaye hakuwepo siku ya upasuaji. Kwa hiyo unayeruhusiwa, au wewe unayekwenda kumchukua mzee wako, msitoke wodini kabla ya kumwomba daktari aandike kwa Kiswahili mistari mitatu: ni sehemu gani iliyoondolewa, ni ipi iliyobaki, na imeunganishwa na nini.