Walicheka, Wakanuna, Wakanunua: Hadithi ya Bastola ya Plastiki

Kama umecheza Resident Evil 2, ile ya 1998 ama ile waliyoirudia 2019, bastola ya kwanza ya Leon unaijua. Pengine hukujua tu kwamba imechorwa kutokana na silaha ya kweli. Inaitwa VP70, ya Heckler & Koch kutoka Ujerumani, na ilitoka mwaka wa 1970. Ndiyo bastola ya kwanza kutengenezwa kiwandani ikiwa na fremu ya plastiki. Kwa hivyo wale mnaobishana kila siku ati Glock ndiyo ilianza, tulieni. Glock ilikuja miaka 12 baadaye.

Lakini leo sitaki tupigane juu ya nani alitangulia. Nataka tuangalie vile watu wa shabaha, watu wanaojua silaha kabisa, walichukua karibu miaka 20 kuikubali plastiki. Na msimamo wangu nauweka mezani mapema: wapenzi wa chuma waliokuwa wakicheka, pamoja na wanasiasa waliokuwa wakipiga kelele, wote waliogopa kitu ambacho si chenyewe. Hatari ilikuwa imekaa mahali pengine.

Tuanze na hiyo VP70. Magazini yake ilibeba risasi 18, wakati bastola nyingi za enzi hiyo zilibeba 7 au 8. Haikuwa na vipande vingi. Sasa mbona haikuvuma? Triga. Ilikuwa nzito ajabu, ukiivuta ni kama unavuta ndoo kisimani, na ukivuta hivyo shabaha inahama. Wapiga shabaha walijaribu, wakatikisa kichwa, wakarudi kwa chuma chao. Kufikia 1989 ilikuwa imeacha kutengenezwa. Hasara kubwa haikuwa hata mauzo, ilikuwa jina. Watu hawakusema "triga ni mbaya." Walisema "si unaona, plastiki."

Mnaijua hiyo tabia. Kitu kipya kikifeli kwa sababu moja, lawama yote inabebeshwa ile sehemu inayoonekana ngeni.

Halafu anakuja Gaston Glock. Huyu mzee alikuwa fundi wa Austria, alizaliwa 1929, na kiwanda chake karibu na Vienna kilikuwa kinatengeneza vitu kama fimbo za mapazia na visu vya jeshi. Bastola? Hakuwa ametengeneza hata moja. Mwaka wa 1980 jeshi la Austria likawa linatafuta bastola mpya ya kuchukua nafasi ya Walther P38 za zamani. Glock akaita wataalamu, akawauliza wanataka nini, akaenda kuijenga. Inasemekana alipokuwa akiijaribu alifyatua kwa mkono wa kushoto, ili ikimlipukia abaki na mkono wa kuchorea michoro. Mwaka wa 1982 jeshi likaichagua. Jina Glock 17 halitokani na idadi ya risasi, ingawa magazini yake inabeba 17. Ilikuwa hataza yake ya 17.

Fremu ilikuwa ya polima, jamaa wa naironi, ikiwa na vipande vya chuma vilivyozamishwa ndani mahali ambapo slaidi inatelezea. Bila magazini ilikuwa na uzito wa kama gramu 625. Ile 1911 ya Colt, bastola ambayo Wamarekani wengi waliiabudu, inakaribia kilo moja na gramu 100. Kwa askari anayeibeba kiunoni kutwa nzima, hiyo tofauti si mchezo.

Sasa fikiria unaingia nayo Marekani katikati ya miaka ya themanini. Kwa watu wa shabaha wa kule, bastola nzuri ilikuwa na chuma kilichong'arishwa na mbao za walnati kwenye mpini. Unairithi kwa babu, unamwachia mjukuu. Halafu mtu anakuja na kitu cheusi, cha mraba, hakina nakshi yoyote, na ukikigonga kinalia kama bakuli la jikoni. Waliipachika jina la vyombo vya plastiki vya kuwekea chakula, Tupperware. Na hawakukosa hoja. Je, fremu haitapinda kwa joto? Jua halitaikausha hadi ipasuke? Mafuta ya kusafishia hayataila? Na mbona haina kile kitufe cha usalama pembeni, ambacho kila mtu alizoea kukibonyeza kwa kidole gumba?

Hayo maswali yalikuwa halali, mimi siwacheki. Mtu anayeweka maisha yake mikononi mwa kifaa ana haki ya kukishuku. Tatizo ni kwamba majadiliano yalitekwa na uoga mwingine kabisa.

Januari 1986, mwandishi Jack Anderson na mwenzake Dale Van Atta waliandika kwenye Washington Post kwamba Gaddafi wa Libya alikuwa anataka kununua hizo bastola za plastiki. Kukatoka pia habari kwamba afisa mmoja wa Pentagon alikuwa amepitisha Glock, ikiwa imefunguliwa vipande, kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege jijini Washington. Moto ukawaka. Bunge likaketi kusikiliza. Kila mahali ikawa ni "bastola isiyoonekana na mashine."

Kumbe zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa ile bastola ni chuma! Slaidi ni chuma, mtutu ni chuma, springi ni chuma. Mashine inaiona vizuri. Aliyeshindwa kuiona ni mtu aliyekaa nyuma ya mashine, kwa sababu vipande vilivyotawanywa havifanani na bastola tuliyoizoea kwenye picha. Lakini nani ana muda wa kueleza hayo? Mwaka wa 1988 Rais Reagan akatia sahihi sheria inayopiga marufuku silaha ambazo vifaa vya ukaguzi haviwezi kuzigundua. Kiwango kilichowekwa ni kama gramu 105 za chuma, na Glock inakivuka mara kadhaa. Yaani sheria iliyozaliwa kwa sababu ya Glock haikuigusa Glock. Na miaka miwili baadaye, Die Hard 2 ikawaambia watazamaji dunia nzima kuhusu Glock ya kauri inayopita kila ukaguzi. Haijawahi kuwepo. Bado kuna watu wanaiamini hadi leo.

Wakati wanasiasa wanakimbizana na hiyo hewa, barabarani mambo yalikuwa yanabadilika. Tarehe 11 Aprili 1986, maafisa wa FBI walikabiliana na majambazi wawili wa benki huko Miami. Maafisa wawili waliuawa, watano wakajeruhiwa. Wengi wao walibeba rivolva za risasi sita au chini. Baada ya siku ile idara za polisi zikaanza kujiuliza maswali magumu, na Glock ilikuwepo mlangoni: nyepesi, risasi 17, haishiki kutu haraka kwa jasho, na si ghali kuitengeneza.

Ndipo kejeli ikaanza kuyeyuka. Hakuna aliyeshindwa kwa hoja. Bastola zilipigwa maelfu ya risasi, zikaangushwa, zikazamishwa matopeni, zikaendelea. Ikagundulika hata fremu ya polima hujikunja kidogo risasi ikitoka, na mkono unahisi teke pungufu kuliko walivyotarajia kwa silaha nyepesi hivyo. Mwaka wa 1994 Smith & Wesson, jina kubwa kabisa la rivolva za chuma, wakatoa bastola ya polima iliyofanana na Glock kiasi kwamba Glock wakawapeleka kortini, na wakasuluhishana 1997. Mtu akianza kukuiga, ujue ameacha kukucheka. FBI wenyewe walichagua Glock mwaka huo huo wa 1997.

Lakini sasa ndiyo ile hatari niliyosema. Polisi wa Washington DC walihamia Glock mwishoni mwa miaka ya themanini. Mwaka wa 1998 Washington Post ikaripoti kwamba katika miaka 10 kulikuwa na visa zaidi ya 120 vya risasi kutoka bila kukusudiwa. Askari walijipiga, wakapiga wenzao. Plastiki haikuhusika. Triga ilikuwa nyepesi kuliko ya rivolva, kitufe cha pembeni hakuna, na askari wengi hawakupewa mafunzo ya kutosha kutoka silaha moja kwenda nyingine. Kidole kilichozoea kupumzika kwenye triga nzito kilipumzika pale pale kwenye triga nyepesi.

Hiyo ndiyo inaniuma kwenye hadithi yote. Bunge zima lilikaa kujadili chuma na plastiki, na hakuna aliyesimama kwa sauti kama ile kusema: wapeni watu muda wa kujifunza. Kubadilisha chombo ni siku moja. Kubadilisha mkono ni miezi.

Leo ubishi umeisha. Jeshi la Uingereza lilichukua Glock 2013. Marekani, ambayo 1985 ilichagua Beretta ya fremu ya alumini, ilichagua SIG Sauer ya polima mwaka wa 2017. Hata hapa kwetu, jina tunalolisikia sana kwenye taarifa za polisi ni Ceska. CZ 75 ya zamani ni chuma kitupu, lakini kampuni hiyo hiyo sasa inauza P-07 na P-10 za polima. Na cheki maajabu: kwenye mashindano, wapiga shabaha wengi wanarudi kwa bastola nzito za chuma kama CZ Shadow 2, kwa sababu uzito unatuliza mkono. Safari hii hawamdharau mtu. Wanachagua kulingana na kazi.

Ile sheria ya 1988 nayo? Mwaka wa 2013 mtu alichapisha bastola ya plastiki kwa printa ya 3D, karibu nzima. Uoga uliokuwa wa uongo 1986 ukapata mwili miaka 27 baadaye, na Bunge likaongeza muda wa sheria hiyo Desemba. Kwa hivyo sisemi uoga ni ujinga. Nasema ukiogopa, uliza kwanza unaogopa nini hasa. Wale waliojiumiza hawakuumizwa na plastiki.