Nyayo za Ndugu: kutoka Namirembe hadi Kabete

Kanisa kuu la Namirembe, jijini Kampala, lilikamilika mwaka 1919, na kuba lake huonekana ukiwa bado mbali. Wageni wengi hupanda kilima kile kulitazama kanisa. Mimi nilipanda kutazama njia inayopita nje yake, kwa sababu uamsho uliogeuza maisha ya Wakristo wa Afrika Mashariki haukuanzia mimbarani. Ulianza kwa watu wawili waliokutana huko kilimani, Septemba 1929, wakakubaliana kusoma Biblia pamoja.

Mmoja alikuwa Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Alikuja Kampala kupumzika, akiwa amechoka mwili na roho. Njaa ambayo Wanyarwanda wanaiita Rwakayihura ilikuwa imeua watu wengi katika eneo lake, na hospitali yake changa haikuwa na uwezo wa kuizuia. Wa pili alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa amefanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Huyu baadaye aliacha ajira, akavua viatu, akazoeleka Kampala kama mhubiri wa kanzu anayetembea pekupeku. Kwa siku mbili walikaa na Biblia zao, wakifuata aya moja hadi nyingine kuhusu Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja. Hapakuwa na ajenda wala kumbukumbu za kikao.

Ukitaka kuelewa uzito wa tendo hilo, ukumbuke ni mwaka gani. Uganda ilikuwa chini ya Waingereza, Rwanda chini ya Wabelgiji, na misheni zenyewe zilikuwa na nyumba za wazungu juu ya kilima na nyumba za walimu Waafrika chini. Mzungu alifundisha, Mwafrika alifundishwa. Kikundi kile cha watu wawili kilivunja utaratibu huo bila kuutangazia vita. Daktari alikiri kwamba anahitaji kitu ambacho shahada yake haikumpa, na aliyemsaidia kukitafuta alikuwa mwenyeji wa nchi. Naamini mengine yote yaliyofuata yalitokana na hapo.

Kutoka Kampala njia inashuka Mbarara, inapanda Kabale, kisha inavuka mpaka kuingia Rwanda. Gahini iko juu ya mteremko unaotazama Ziwa Muhazi, ziwa jembamba lililonyooshwa katikati ya vilima kama mkono wa mto. Hospitali bado ipo na kanisa bado lipo. Ndipo alipofanyia kazi Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, mkuu wa shule ya wainjilisti. Na Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali, ambaye mwanzoni hakuelewana na daktari wake. Mwaka 1931 Kinuka alitumwa Kampala kumwona Nsibambi. Alirudi mtu mwingine, na wagonjwa na wafanyakazi wenzake ndio waliokuwa wa kwanza kuliona hilo.

Mwishoni mwa Desemba 1933, katika mikutano ya Krismasi hapo Gahini, mtu mmoja alisimama akaungama dhambi zake mbele ya watu. Akafuata mwingine, na mwingine, ibada ikaendelea kwa saa kadhaa huku watu wakilia. Wanaosimulia uamsho hupenda kuishia kwenye machozi hayo. Mimi navutiwa zaidi na yaliyokuja siku za baadaye, kila mahali moto ule ulipofika. Watu walianza kurudisha vitu. Vifaa vya hospitali vilivyochukuliwa kimyakimya vilirudi, na ng'ombe na fedha vikarudishwa kwa wenyewe. Mtu aliyemchukia jirani yake alikwenda mlangoni kwake kuomba radhi, na wamisionari nao waliwaomba radhi Waafrika kwa dharau na ubaguzi waliokuwa wameuita busara. Zakayo wa Yeriko alifanya vivyo hivyo, lakini yeye alikuwa tajiri. Huku aliyerudisha alikuwa mara nyingi maskini, na alichokirudisha hakuwa na kingine cha kukijazia.

Humo ndimo ninamoziona imani kuu za watu hawa, kuliko katika orodha yoyote ya mafundisho. Walioitwa kwa Kiganda Balokole, na kwa Kiswahili Walokole, yaani waliookoka, na ambao wenyewe waliitana ndugu, hawakuwa na imani mpya. Waliamini yaliyokuwa tayari ndani ya kitabu cha sala: kwamba damu ya Kristo inaosha, kwamba toba ni lazima, kwamba Mungu hana upendeleo. Tofauti ni kwamba walikaa karibu mno kiasi cha kutoweza kuyaamini mambo hayo kwa mdomo tu. Mwaka 1938 Church alichapisha mwongozo wa kujifunza Biblia uliokusudiwa mtu yeyote anayejua kusoma, akiwa na padri au bila padri. Na katika mikutano mikubwa, kama ule wa Kabale wa Septemba 1935, masomo yalifuata mpango: dhambi kwanza, kisha toba, kuzaliwa upya, kutengana na ya zamani, maisha ya ushindi, Roho Mtakatifu. Mtu hakurukishwa hatua.

Lakini mkutano mkubwa ni wa mara moja kwa mwaka. Uhai wa uamsho ulikuwa katika ushirika wa kila juma. Nimeketi katika ushirika kama huo upande wa Kagera, Tanzania, na utaratibu wake ungetambuliwa na ndugu wa miaka ya 1940. Mabenchi yanazungushwa, asiwepo wa mbele na wa nyuma. Wimbo unaanzishwa na yeyote. Kisha anayeongoza siku hiyo anauliza kama kuna mwenye neno la kuweka nuruni, na hapo wanafuata maneno ya Yohana katika waraka wake wa kwanza, sura ya kwanza, aya ya saba. Mtu anasema. Hasemi kwa mafumbo kwamba yeye ni mwenye dhambi kama wanadamu wote. Anataja jambo, siku na mtu aliyekosewa. Akimaliza hapewi hotuba. Wenzake wanamwimbia Tukutendereza, pambio la Kiganda lililovuka makabila yote ya eneo hili, na wanampa mkono. Baadaye linasomwa fungu la Biblia, watu kadhaa wanasema lilivyowagusa, wanaombeana, inaletwa chai. Mama aliyeketi karibu nami aliungama kwamba alikuwa amemnyima salamu mke mwenza wa dada yake tangu msiba wa mwezi uliopita. Mzee mwenye mvi alimuuliza swali moja tu: atakwenda lini?

Ushirika huo hauna kadi ya uanachama, ada, katiba wala ofisi. Uongozi ni wa timu, na timu hupatikana kwa kutambuana, si kwa kura. Wanawake walisema mbele ya wanaume tangu mwanzo, jambo lililowakera wazee wengi waliozoea kwamba mambo ya nyumbani hayatoki nje ya boma. Na ndugu walikuwa ukoo: walishauriana kuhusu uchumba, walizikana, walilea yatima wao. Josiah Kibira, Mhaya aliyelelewa na uamsho huu na baadaye akawa askofu wa Kilutheri Bukoba, aliandika kitabu kizima juu ya jinsi ushirika ulivyokaa mahali pa ukoo bila kuufuta. Mwaka 1977 alichaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Nuru hiyo iliwachoma pia walioishika. Blasio Kigozi alifariki Januari 1936 kwa homa ya kupe, akiwa amekuja Uganda kuieleza sinodi kwamba kanisa limelala. Hoja zake zilifikishwa huko naye akiwa kaburini. Miaka mitano baadaye, 1941, wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, akiwemo William Nagenda. Walikuwa wakiamka alfajiri sana kuomba na kuhubiri, na walikataa kuacha walipoamriwa. Nimesoma masimulizi ya pande zote mbili, na siwezi kusema ndugu hawakuwa na kosa. Aliyezoea kuungama dhambi zake hadharani huweza kuona ana haki ya kuungama na za mwenzake. Baadhi yao waliwataja wakuu wa chuo kana kwamba ni watu wasiookoka, na maneno ya namna hiyo hayasahauliki haraka. Kwa kiburi cha jinsi hiyo ushirika umewahi kugawanyika mara kadhaa, Uganda na Kenya, na kule Nyanza mgogoro ulizaa kanisa jingine kabisa chini ya Matthew Ajuoga mwishoni mwa miaka ya 1950. Nagenda hakupata upadrisho. Alihubiri maisha yake yote akiwa mlei, na alisikilizwa mbali kuliko mapadri wengi.

Kuelekea Tanganyika moto ulipitia Katoke, Buhaya, palipokuwa na chuo cha walimu cha misheni. Uamsho uliofika pale mwaka 1939 ulisambazwa na walimu, kwa sababu mwalimu akipangiwa shule mpya aliondoka na sanduku lake, Biblia yake na desturi ya ushirika. Festo Kivengere, mtu wa Kigezi, Uganda, aliyeokoka mwaka 1941, alifundisha Dodoma miaka mingi kabla hajawa askofu wa Kigezi. Na tarehe 15 Mei 1955, katika kanisa lile lile la Namirembe, waliwekwa wakfu kwa siku moja maaskofu wanne Waafrika, miongoni mwao Yohana Omari wa Tanganyika na Obadiah Kariuki wa Kenya. Kariuki alikuwa mmoja wa ndugu wa mwanzo wa Kenya. Alikuwa pia shemeji yake Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa kifungoni.

Timu ya kwanza kutoka Rwanda na Uganda ilikuwa imefika Kabete, nje kidogo ya Nairobi, mwaka 1937. Mwaka 1949 mkutano wa Kabete ulivuta maelfu ya watu. Miaka mitatu baadaye ilitangazwa hali ya hatari, na ndugu wa Ukikuyu wakajikuta mahali ambapo hakuna mwanadamu anayependa kuwa. Mau Mau, waliokuwa wakipigana na mkoloni kutoka msituni, walitaka wale kiapo. Serikali ilitaka washike bunduki katika kikosi cha walinzi wa nyumbani. Wengi wao walikataa yote mawili. Kiapo walikikataa kwa sababu walikuwa wamekwisha kunywa kikombe cha Bwana na hawakuweza kuchanganya damu nyingine nacho. Bunduki waliikataa kwa sababu aliyeko msituni alikuwa ndugu yao. Walipigwa, walichomewa nyumba, baadhi waliuawa. Wapo Wakenya wanaoona hadi leo kwamba msimamo huo ulimsaidia mkoloni, na siwalaumu, maana ardhi ilikuwa imeporwa kweli, na mahubiri ya ndugu juu ya wizi hayakumgusa mzungu mwenye shamba kama yalivyomgusa mwizi wa blanketi. Hilo ni pungufu zito. Lakini ujasiri wao ulikuwa wa kweli, na ulijengwa katika vikundi vya watu kumi au kumi na watano waliofahamiana kiasi cha kujua nani atatetereka na nani wa kumshika mkono.

Pungufu hilo hilo lilirudi Rwanda kwa sura ya kutisha. Mwanzoni ushirika wa Gahini uliwaketisha Wahutu na Watutsi benchi moja, na wapo waliolipa kwa maisha yao, kama Yona Kanamuzeyi, mchungaji wa Nyamata aliyeuawa na askari Januari 1964. Lakini kadiri miaka ilivyopita, mtu aliweza kuungama hasira, ulevi na uzinzi kila juma na asiulizwe neno juu ya chuki ya kabila. Viongozi wa makanisa walikaribia mno meza ya serikali. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, katika nchi ambako moto ule uliwashwa, watu waliuawa ndani ya makanisa, na wauaji wengine walikuwa waimbaji wa nyimbo zile zile. Kulikuwa na ndugu walioficha majirani na kufa pamoja nao. Ujasiri wao haufuti mauaji yale. Nilipokuwa Gahini sikuweza kuutenganisha mwaka 1933 na mwaka 1994, na sidhani kama mtu anayeupenda uamsho huu anapaswa kujaribu.

Kivengere naye aliipita njia hii ya kuingia Rwanda. Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin, yeye na mkewe walivuka milima ya Kigezi kwa miguu kuingia Rwanda. Mwaka huo huo alitoa kitabu kuhusu kumpenda Idi Amin, na alieleza humo kwamba msamaha ulimjia kwa shida. Alifanya aliyofundishwa ushirikani: alitaja chuki yake kwa jina.

Siku hizi vikundi vidogo viko kila mahali, seli kwa makanisa ya kiroho, jumuiya ndogo ndogo kwa Wakatoliki, nyumba kwa nyumba kwa Walutheri. Vina vitabu vizuri vya masomo na vikoba vya akiba. Lakini katika ule ushirika wa Kagera, baada ya chai, bwana mmoja alibaki amesimama mlangoni. Mwaka uliopita alikuwa amesogeza mpaka wa shamba, hatua chache tu, upande wa kaka yake, na aliniruhusu niandike jambo hilo bila jina lake. Aliomba ndugu wawili wamsindikize kwenda kung'oa miti aliyopanda. Mmoja alisema Jumamosi ana msiba. Wakaelewana Jumapili, mara tu baada ya ibada ya kwanza, na yule mzee mwenye mvi akasema atabeba panga.