Amani Ilikuja Kwanza, Mziki Ukafuata

Wiki hii zamu ya historia imeniangukia mimi.

Kila jioni huku kambini utawakuta vijana wamekaa vibandani wanachana mistari, mmoja anapiga mdundo kwa mdomo, mwingine kwenye dumu tupu. Ukiwauliza hip-hop ilianzia wapi watakujibu Marekani, basi, stori imeisha. Wazee wetu nao wakisikia wanasema huo ni mziki wa wahuni. Mimi nataka tuifuate stori yenyewe, kwa sababu inatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Hip-hop ilianzishwa na watoto wa mtaa uliobomolewa, wengine wao wageni waliotoka nchi nyingine. Na kabla haijazaliwa, kuna damu ilimwagika na kuna watu waliokataa kulipa kisasi.

Mtaa wenyewe unaitwa Bronx, uko New York. Baada ya vita kuu ya pili serikali ilipitisha barabara kubwa katikati yake, na maelfu ya watu wakahamishwa kwenye nyumba zao. Wenye uwezo wakaondoka. Waliobaki wengi walikuwa watu weusi na watu wa Puerto Rico, maskini, na kazi zikawa zinapungua. Halafu ukaja moto. Baadhi ya wenye majumba waliona ni afadhali jengo liungue wachukue pesa za bima kuliko kulitengeneza. Kati ya 1970 na 1980 kuna sehemu za Bronx ya kusini zilizopoteza karibu majengo yote. Mtoto anatoka shule anakuta jirani hana nyumba. Wengi wetu picha hiyo hatuhitaji kuielezwa mara mbili.

Katika hali hiyo vijana wakajikusanya kwenye magenge. Genge lilikuwa ndiyo familia na ndiyo ulinzi. Kila genge na eneo lake, na ukivuka barabara umevaa koti la genge lako unaweza usirudi. Moja ya magenge makubwa liliitwa Ghetto Brothers, na kiongozi wake alikuwa Benjy Melendez, kijana wa Puerto Rico aliyependa kupiga gitaa. Genge hilo lilikuwa na bendi yake kabisa. Likachagua pia mtu wa kusuluhisha ugomvi, Cornell Benjamin, miaka 25, ambaye wenzake walimwita Black Benjie.

Tarehe 2 Desemba 1971 Black Benjie alitoka kwenda kutuliza magenge yaliyokuwa yanataka kupigana. Alikwenda kwa maneno tu. Wakampiga mpaka akafa.

Sasa jamani, fikirieni usiku ule. Magenge yote yakajua vita imefika. Wanachama wa Ghetto Brothers walikuwa tayari, wanasubiri neno moja tu. Melendez akaenda kwanza kwa mama wa marehemu. Mama yule hakuomba kisasi. Alisema mwanawe aliishi kwa ajili ya amani. Basi Melendez akawaambia wenzake hakuna kisasi. Tarehe 8 Desemba, hata wiki haijaisha, viongozi wa magenge wakakutana kwenye ukumbi wa klabu ya watoto, barabara ya Hoe Avenue. Wakatukanana, wakalaumiana, lakini mwisho wakapatana.

Mapatano yale hayakumaliza ugomvi wote, tusidanganyane. Ila kuna kitu kilibadilika: kijana aliweza kuvuka barabara. Ghetto Brothers wakawa wanapiga mziki nje mtaani na kukaribisha watu wa maeneo mengine. Waliokuwa wanakutana kupigana wakaanza kukutana kucheza. Bila hilo, disko la kuchanganya watu wa mitaa tofauti ungelifanyia wapi?

Ndipo anaingia Clive Campbell, ambaye dunia inamjua kama Kool Herc. Alizaliwa Jamaica, akahamia Bronx 1967 akiwa na miaka 12. Tarehe 11 Agosti 1973 dada yake Cindy aliandaa sherehe kwenye ukumbi wa chini wa jengo walilokuwa wanaishi, namba 1520 Sedgwick Avenue. Sababu yake ilikuwa ndogo kabisa: alitaka pesa za kununua nguo za kuanzia shule. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Spika zilikuwa za baba yao.

Herc alikuwa amegundua kwamba wachezaji wanasubiri kile kipande cha wimbo ambapo waimbaji wananyamaza, inabaki ngoma peke yake. Kipande hicho ni kifupi, sekunde chache kimekwisha. Basi yeye akawa anachukua santuri mbili za wimbo ule ule, ya kwanza ikiisha kipande anaingiza ya pili, halafu anairudisha ya kwanza, ngoma haikatiki. Rafiki yake Coke La Rock akashika maiki, akawa anawataja watu kwa majina na kuwachangamsha. Hapo ndipo kuchana kulipopata mlango.

Mwingine ni Grandmaster Flash, mzaliwa wa Barbados. Huyu alisomea umeme kwenye shule ya ufundi, akawa anaokota vifaa vibovu vilivyotupwa na kuvitengeneza mpaka vikatoa sauti. Mwaka 1982 kundi lake lilitoa wimbo wa The Message unaoeleza maisha ya mtaani bila kuyapamba, na watu wa mbali wakajua Bronx kuna nini.

Je, wote walitajirika? Hapana. Herc mwenyewe alipougua mwaka 2011 hakuwa na bima ya kulipia matibabu. Kwa hiyo anayewaambia mziki utawatoa wote kimaisha, msimwamini haraka. Kuinuka kwao kulianza mapema kuliko pesa. Kulianza siku walipoacha kuogopana.

Karibu na sisi yupo Emmanuel Jal. Alikuwa askari mtoto katika vita ya Sudan. Mhudumu wa misaada kutoka Uingereza, Emma McCune, alimtorosha kwa ndege mpaka Kenya ili asome. Emma akafariki kwa ajali Nairobi 1993, lakini kijana akabaki na njia aliyofunguliwa. Mwaka 2005 wimbo wake uliitwa Gua, na kwa lugha ya Wanuer neno hilo maana yake ni amani. Ndani ya wimbo huo mmoja amechanganya lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, na lugha za Wanuer na Wadinka, makabila ambayo watu wake walikuwa wameuana.

Sasa nirudi nyumbani. Sote tunajua tangu vurugu za uwanja wa mpira, vijana wa zoni mbili hawapitiani. Ukumbi ulifungwa ili vurugu zisirudi, na mpaka leo umefungwa. Kosa halikuwa la upande mmoja, na aliyefunga aliogopa watu kuumia, naelewa. Lakini tazameni historia hii: mapatano ya Bronx yalifanyika ndani ya ukumbi, na hip-hop ikazaliwa ndani ya ukumbi. Ukiufunga, vijana hawaendi kulala. Wanabaki kila mmoja na upande wake, gizani.

Wahudumu, hatuombi studio. Tunaomba ufunguo kwa siku mbili za wiki na sabufa moja, na viongozi wa vijana wa zoni zote mbili waandike majina yao kwamba watalinda.

Na nyinyi wenzangu mnaochana: kabla ya kuomba maiki, nani kati yetu yuko tayari kuvuka barabara kwenda kuongea na wale wa upande wa pili? Black Benjie alivuka kwa maneno tu. Sisi tunaweza kwenda kumi.