Ndai Yako Inanuka Petroli Ndani? Jua Inanuka Saa Ngapi Kabla Umpe Fundi Doh

Anko wangu ana Corolla 110 ambayo hataki kuuza. Kila wakienda Wote kutoka Machakos, watoto walikuwa wakishuka wakiumwa na kichwa, na lawama zote zilienda kwa kona za barabara. Kumbe ni petroli. Fundi wa kwanza alibadilisha filta. Wa pili akamuuzia plagi nne. Wa tatu hakugusa spana, aliuliza tu, "Mzee, inanuka sana lini?" Anko akasema ni siku amejaza tangi. Jamaa akainua kiti cha nyuma, na nusu saa baadaye kazi ilikuwa imeisha.

Hilo swali ndilo mbogi nzima ya wenye ndai za zamani inafaa kujiuliza. Harufu ni moja lakini saa inakotokea hukuambia inatoka wapi. Kabla ya yote, cheki kwa buti. Ukibeba jerikani ya mafuta ya pampu ya shamba na ikamwagika kidogo, zulia litanuka wiki nzima na gari haina shida yoyote.

Ikinuka ukishajaza tangi, anza nyuma. Kwa saluni nyingi za Toyota, tangi iko chini ya kiti cha nyuma na pampu inaingilia juu yake, chini ya kifuniko kidogo cha bati. Kati ya pampu na tangi kuna raba ya duara. Ikikauka, ama fundi akiweka pampu mpya halafu arudishe raba ya zamani ili kuokoa mia chache, mvuke unapanda ndani. Tangi ikiwa nusu unaweza usisikie kitu. Ikijaa, petroli inafika kwa hiyo raba ukikata kona ama ukipanda kilima cha Iveti. Na hapo juu ndipo watoto hukaa. Weka raba mpya. Zii kwa ile gundi ya silikoni ya kawaida, petroli huilainisha na utarudi pale pale. Ukiwa huko nyuma, pindapinda ule mpira mnene unaotoka kwa mdomo wa tangi uone kama una nyufa, na ucheki raba ya kifuniko.

Ikinuka ikiwa imepaki kwa jua, na jua ya Masaku saa saba wasee mnaijua, shuku kanista. Hiyo ni kopo yenye makaa maalum inayonyonya mvuke wa tangi, kisha injini inauvuta na kuuchoma. Kinachoiua ni ile tabia yetu ya kuambia jamaa wa pampu aongeze kidogo ifike elfu mbili kamili, na pampu imeshajikata. Mafuta yanaingia kwa makaa na makaa yakilowa hayanyonyi tena. Pampu ikijikata, lipa uende.

Ikinuka asubuhi ukiwasha halafu ipotee, fungua boneti. Raba ndogo za injekta hukauka na miaka, zikiwa baridi zinavuja, zikipata joto zinavimba na kuziba. Kwa ndai za kabureta kama Nissan B12 ama Peugeot 504 ya kubeba mizigo, mara nyingi ni sindano ya kabureta inakataa kufunga, petroli inafurika. Kama inazidi ukiwasha feni, pia ni huko mbele, kwa sababu hewa ya feni huingilia chini ya kioo cha mbele, karibu kabisa na injini.

Ikinuka tu ukiwa mwendoni na dirisha la nyuma liko wazi, huenda ni moshi wa ekzosti unarudi ndani kupitia raba ya buti. Hiyo usichukulie poa, moshi huo una sumu ambayo yenyewe haina harufu.

Sasa mambo noma. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini ukitafuta cheche. Moto wa Sinai, Nairobi, Septemba 2011, ulianzia kwa petroli iliyovuja hivyo hivyo. Kwa hivyo ukiona matone chini ya gari, usiwashe. Isukumeni mbali na jiko na wavuta sigara, toa waya hasi ya betri, tumia tochi, si kiberiti.

Tangi ikitoboka, kipande cha sabuni ya mche ukikisugua pale patakufikisha gereji. Hiyo hila ya jua kali inafanya kazi, lakini ni ya safari moja. Halafu usikubali tangi ichomelewe hivi hivi eti kwa sababu haina mafuta. Tangi tupu imejaa mvuke na ndiyo hulipuka. Tafuta nyingine iliyotumika. Na mpira wa petroli ununuliwe ule wa petroli, si wa maji, hata kama unatoshea.

Ukitaka kufungua mwenyewe gari ya injekta, kumbuka mafuta hubaki na presha hata injini ikiwa imezimwa. Toa fyuzi ya pampu, washa, iwache ijizime, ndipo ufungue.

Harufu iliyobaki ndani haitaisha siku hiyo hiyo. Osha zulia na sabuni, lianike, wacha milango wazi, na uweke bakuli la makaa chini ya kiti usiku. Anko aliweka siku nne. Raba yenyewe ilimgharimu kidogo kuliko zile plagi, na watoto siku hizi wanafika Wote wakiitisha chipo.