Kufundisha uwezekano kwa kompyuta: dau la shilingi hamsini

Kila nikifika kwenye somo la uwezekano, swali huwa lile lile: "Mwalimu, nikipoteza mara tano mfululizo, si ya sita lazima nipate?" Wengi wanaouliza hivyo wanabeti kwa simu, na kanuni za ubaoni haziwatoshi.

Kwanza kila mmoja hurusha sarafu mara kumi kwa mkono. Hatua hii usiiruke. Asiyeshika sarafu haiamini kompyuta. Kisha nafungua Excel. A1 naandika =RANDBETWEEN(0,1), 1 ikiwa ni kushinda. B1 naandika =IF(A1=1,40,-50), yaani dau ni shilingi 50 na mshindi hulipwa 90. Navuta fomula hadi mstari wa 1,000. Laptopu moja na projekta zatosha.

Jumla ya mistari 10 ya kwanza, =SUM(B1:B10), hubadilika kila ukibonyeza F9, na takriban mara 38 kati ya 100 huonyesha faida. Ndiyo maana kila darasa halikosi wa kuapa kwamba kubeti kunalipa, wala hasemi uongo. Jumla ya mistari yote 1,000 ni mambo mengine: kwa wastani ni hasara ya shilingi 5,000, na faida ni nadra mno kuonekana.

Na ile mara ya sita? Tunatafuta palipofuatana sifuri tano, kama mahali thelathini hivi, tunahesabu kinachofuata. Karibu nusu kwa nusu. Muulizaji wa mwaka huu alibonyeza F9 weee, kengele ikalia bado amesimama pale.