Stesheni za Reli ya Zamani Katika Zama za Reli ya Kisasa

Stesheni za kwanza za reli Afrika Mashariki zilijengwa na tawala mbili zilizokuwa zikishindana. Wajerumani walianza Tanga mwaka 1893, na kwa uhaba wa fedha wakachukua miaka 18 kufika Moshi. Waingereza walianza Mombasa mwaka 1896, wakafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikaandama kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya kwenda Tabora na Ujiji, na Februari 1914 ikaingia Kigoma, baada ya kilomita zipatazo 1,250. Zote tatu zilikuwa na upana wa mita moja kati ya reli na reli. Upana huo ulichaguliwa kwa kuwa ni nafuu na unaruhusu kona kali milimani, na ndio uliokuja kuamua hatima ya stesheni hizo karne moja baadaye.

Stesheni nyingi hazikujengwa kwa ajili ya abiria. Injini ya mvuke haikwenda mbali bila kuongezwa maji na kuni, na kwa kuwa njia ilikuwa moja, treni zilizokutana zilihitaji pa kupishana. Ndiyo maana stesheni kama Kima na Simba nchini Kenya, au Saranda nchini Tanzania, zilisimama porini, kila moja na ofisi yake ndogo, tangi la maji na nyumba za wafanyakazi. Treni haikuondoka mpaka stesheni masta awasiliane na mwenzake wa mbele, ahakikishe njia ni nyeupe, ndipo dereva akabidhiwe kibali. Upande wa Kenya, vibao vya majina vilionyesha pia kimo cha mahali kwa futi kutoka usawa wa bahari. Karibu na Timboroa njia ilipanda kupita futi 9,000.

Kima ina kisa chake. Juni 1900, ofisa wa polisi Charles Ryall alikesha ndani ya behewa lililoegeshwa hapo akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Usingizi ukamchukua, simba akaingia, akamvuta nje kupitia dirishani. Behewa hilo sasa liko katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, pamoja na injini kubwa za mvuke za miaka ya 1950 kama Mount Gelai. Hivyo ndivyo urithi wa reli ulivyotunzwa kwa muda mrefu: kinachoweza kuvutwa kikapelekwa makumbusho, majengo yakaachwa yajitetee yenyewe.

Kigoma ni jambo jingine kabisa. Jengo la Wajerumani, lenye ghorofa na safu ya matao, ni kubwa kupita mahitaji ya mji mdogo wa ziwani wa mwaka 1914. Ukubwa huo hauelezeki kwa hesabu ya abiria. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ilikuwa Kongo ya Wabelgiji, na jengo lilikusudiwa kuonekana. Kwa reli hiyo hiyo zililetwa sehemu za meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg na kufunguliwa vipande, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Ndiyo MV Liemba ya leo.

Injini za dizeli zilipoondoa haja ya maji, stesheni za porini zilipoteza nusu ya kazi yake. Shirika la pamoja la reli likavunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na majaribio ya kukodisha reli kwa kampuni binafsi, kuanzia 2006 Kenya na Uganda na 2007 Tanzania, hayakuzirudishia uhai.

Kisha ikaja reli ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435. Treni ya Mombasa–Nairobi ilianza Mei 2017. Ya umeme ya Dar es Salaam–Morogoro, Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Treni ya kasi ya kilomita 120 au 160 kwa saa haiwezi kufuata kona za zamani. Ni ndefu, inataka majukwaa marefu, na ile ya umeme inahitaji nafasi ya nyaya juu yake, mahali ambapo mapaa ya zamani yamejitokeza. Kwa hiyo zilijengwa stesheni mpya, nyingi pembezoni: Miritini badala ya kisiwa cha Mombasa, Syokimau badala ya katikati ya Nairobi, Kihonda badala ya Morogoro mjini. Dar es Salaam ni tofauti kidogo, kwani stesheni mpya imesimama jirani na ya zamani.

London ilikumbana na tatizo la kinyume chake. Stesheni ya St Pancras, iliyofunguliwa mwaka 1868, ilikuwa na upana uleule wa reli na treni mpya, hivyo hatari yake ilikuwa kubomolewa ili kupisha maendeleo. Katika miaka ya 1960 ilinusurika kwa kuwekwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na mwaka 2007 ikapokea treni za kutoka Ufaransa. Wahandisi walitoboa sakafu ya majukwaa ili ghala la chini, lililokuwa la mapipa ya bia, liwe ukumbi wa abiria. Sakafu ile ndiyo iliyofunga miguu ya paa kuu isitanuke, kwa hiyo kila tundu lilihitaji hesabu.

Afrika Mashariki tishio si nyundo, ni ukimya. Stesheni isiyo na treni huanza kwa kuvuja bati, na mbao hufuata. Zilizopona ni zile zilizorudishiwa kazi. Dar es Salaam, treni ya mjini iliyoanza Oktoba 2012, ambayo watu waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, iliirudishia stesheni ya zamani abiria wa asubuhi na jioni. Treni ya abiria ilirudi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha mwaka 2020. Kenya ilifufua njia ya Nanyuki mwaka 2020 na ya Kisumu mwaka 2021, na stesheni kuu ya Nairobi bado hutoa treni za mijini, zikiwemo zinazowapeleka abiria Syokimau kupanda reli ya kisasa.

Sheria haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia 1863, miaka 30 kabla ya reli ya kwanza kuanza Tanga. Stesheni yoyote, basi, hulindwa pale tu waziri anapoitangaza. Wakati huohuo ardhi iliyoizunguka imepanda thamani, kwa kuwa miji ilikua kuizunguka stesheni. Nairobi, uwanja wa klabu ya reli umekuwa stendi ya mabasi ya Green Park, na mpango wa mji wa reli unagusa ekari 425 katikati ya jiji, pamoja na stesheni kuu. Tanzania nayo, Desemba 2022, ilisaini mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya kilomita 506 kutoka Tabora hadi Kigoma. Itakapokamilika, jengo la 1914 litategemea uamuzi mmoja wa kiutendaji: kama treni za mita moja zitaendelea kufika ziwani, au la.