Mtoto na Mchezo Wake: Funzo la Igisoro

Mnyarwanda na Mswahili wa pwani ni ndugu katika mchezo. Igisoro ya Rwanda na bao la Unguja huchezwa kwa mashimo 32 na kete 64. Na mtoto asiye na ubao huyachimba mashimo ardhini. Tangu zamani, basi, mtoto alikuwa pia fundi wa mchezo wake.

Shuleni ufundi huo hupotea, kwani michezo ya kufundishia hubuniwa na wakubwa. Lakini huko Marekani, Yasmin Kafai alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 jinsi wanafunzi wa shule ya msingi walivyotunga michezo ya kompyuta ya kuwafundisha wadogo zao hesabu za sehemu.

Hapa Kimironko, Kiswahili, lugha rasmi tangu 2017, kingali kigeni kwa watoto wengi. Niliwatungia mchezo wa ngeli, ukawachosha. Nikawaachia waubadili. Wakauhamishia kwenye igisoro: agawaye kete hutamka “shimo moja, mashimo mawili”, na akikosea hupoteza zamu. Kanuni moja ilipozusha ugomvi, waliifuta wenyewe.

Ndugu walimu, tuwape watoto nafasi ya kutunga na kujaribu. Mcheza kwao hutuzwa.